Kamera ya gari ni tandiboi tu, usukani ni wa dereva

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako, na kama barua ni ndefu punguza utakapoona panafaa ila lile la matawi usilitoe.

Mi ni dereva mstaafu, nipo hapa Uyole, nimeendesha semi miaka 22, Dar, Tunduma, Lusaka, kuna kipindi nilikuwa nafika mpaka Lubumbashi, sahizi nina kirikuu tu cha kubebea viazi vyangu toka shambani. Siandikagi magazetini, huwa nasoma tu nikimaliza nafungia maandazi. Lakini hili la magari yanayojiendesha, au tuseme yanayodhaniwa yanajiendesha, limenikaa rohoni toka mwezi uliopita.

Tulikuwa tunatoka msibani Makambako, mimi na mpwa wangu, kwenye gari yake. Ameiagiza Japani kwa mtandao, ya mwaka 2016, aina siitaji maana tatizo si aina. Pale juu kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma, ina kiboksi cheusi chenye jicho ndani, mi nikajua ni zile kamera za kurekodi ajali ambazo vijana wanafunga siku hizi. Akasema siyo mjomba, hii hairekodi, hii inaona mistari ya barabara, inaona gari ya mbele, inashika breki yenyewe na usukani inaurudisha yenyewe. Nikasema haya. Tukapita Igawa, tukapita Chimala, akabonyeza kitufe kwenye usukani, akatoa mikono akaiweka mapajani, akaniangalia vile mtoto anavyokuangalia akishamaliza kupanda mti.

Upande wa kulia wa usukani alikuwa amefunga chupa ya maji ya nusu lita kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nilikuwa nimeiona toka Makambako nikadhani ni ya kunywa.

Sasa anayepajua pale baada ya Chimala kuja Igurusi anajua pamenyooka, mpunga huku na huku, na muda ule ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, tunaelekea magharibi, jua lipo usoni kabisa. Gari inakwenda 80, imetulia, siwezi kusema uongo, ilikuwa katikati ya mistari kama imechorwa. Kijana katoa simu anatafuta engo ya stetasi. Mi nikaona tawi. Bichi, limelazwa pembeni mwa lami upande wetu. Mbele kidogo jingine, limesogea ndani. Halafu la tatu. Dereva yeyote aliyekula chumvi kwenye barabara hii, hata awe na usingizi wa siku mbili, tawi la kwanza tu mguu unatoka kwenye mafuta wenyewe, huhitaji kufikiri wala kumuuliza mtu. Nikamwambia matawi hayo. Akasema matawi gani mjomba.

Pale pale dashibodi ikalia ti ti ti, mwanamke akaongea Kijapani, sentensi moja ndefu ya adabu, na kile kialama cha kijani cha usukani kikapotea. Jua lilikuwa limeingia kwenye jicho la kamera na kamera imejiondoa kazini. Yaani kwa muda huo gari ilikuwa haina dereva hata mmoja, si wa chuma si wa nyama, na iko 80, na mbele kuna semi limekufa na tela lake nusu lipo kwenye lami, na kwa mbele yake basi linakuja limewasha taa.

Akaushika usukani, ile chupa ikampiga kwenye kifundo cha mkono, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, mimi nikajikuta magoti yapo kwenye dashibodi. Tulisimama mahali ambapo namba ya tela niliisoma bila miwani. Tandiboi akatoka uvunguni, ana grisi mpaka kwenye viwiko, akatuangalia, akageuka akayaangalia matawi yake, akauliza kwa upole kabisa, wazee, hamkuyaona majani?

Nilikosa jibu. Nikaifungua ile chupa pale kwenye usukani nikanywa maji yote. Kutoka pale mpaka Uyole niliendesha mimi.

Nyumbani nikaanza kuuliza, maana mi siwezi kulaumu kitu nisichokijua. Nina mpangaji wangu, kijana anasoma uhandisi hapo MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, akakaa na mimi jioni tatu kwa simu yake na kikombe cha chai akinisomea na kunichorea. Nitaeleza kwa kifupi nilivyoelewa, wataalamu mtanirekebisha.

Hii kamera ni ya kusaidia. Kuna kampuni wanaweka jicho moja na rada, kuna wanaoweka macho mawili, kama Subaru na mfumo wao wa EyeSight uliotoka Japani mwaka 2008, macho mawili yamekaa huku na huku ya kioo cha ndani, yanapima umbali kwa kulinganisha picha mbili, ndivyo hata macho yetu yanavyofanya. Toyota na wao wakaleta wa kwao, Toyota Safety Sense, kuanzia 2015. Hesabu hiyo miaka na uangalie umri wa magari tunayoagiza sasa hivi, utaona kwamba hii si habari ya matajiri wa Ulaya, zipo hapa Mwanjelwa zinabeba mikungu ya ndizi, na wengi wanaoziendesha hawajui hata kama kile kiboksi ni nini, wengine wanakitundikia rozari.

Wazungu wamezipanga hizi akili za gari kwa ngazi, kuanzia 0 mpaka 5. Ngazi ya 0 ni gari yako na yangu ya zamani. Ngazi ya 5 ni gari isiyohitaji dereva popote pale, hiyo haiuzwi. Gari ya mpwa wangu ni ya 2 tu, yaani inasaidia usukani na inasaidia mafuta na breki kwa pamoja, lakini mwenye kazi ni mtu, anatakiwa awe anaangalia na kushika muda wote. Tandiboi huyo. Anakupigia kelele rudi rudi rudi, anaweka kigingi kwenye tairi, anakuletea maji ya kuongeza kwenye rejeta, ni msaada mkubwa na bila yeye safari ni ngumu, lakini tajiri akisikia umemwachia semi Kitonga ukalala, umefukuzwa kazi wewe na si yeye.

Na kumbe kuna sheria kabisa. Umoja wa Mataifa wana kanuni za magari, ipo namba 79 inayohusu usukani, Japani na Ulaya wanaifuata. Inasema gari inayosaidia kukaa kwenye mistari lazima iwe inajua kama dereva ameshika. Ukiachia, zisipite sekunde 15 iwe imekuonyesha alama. Ukiendelea kuachia, zisipite sekunde 30 alama iwe nyekundu na ipige kelele. Ukijifanya kiziwi sekunde 30 nyingine, ijizime. Sasa vijana wanachukua hizo sekunde 15 kama ruhusa, ati gari inaruhusu. Hairuhusu, inakuvumilia tu. Kwa spidi ya 80 sekunde 15 ni zaidi ya mita 330, yaani viwanja vitatu vya mpira umevuka mikono ipo mapajani. Na mpaka ifike kujizima, ile dakika nzima, umetembea kilomita moja na zaidi, hapo unaweza ukawa umetoka kijiji kimoja umeingia kingine.

Na inajuaje umeshika? Hapo ndo nilicheka. Magari mengi haya tunayoletewa hayana jicho la kukutazama wewe, yana sensa kwenye nguzo ya usukani inayosikia ule mvuto mdogo wa mkono. Ndo maana hata ukishika vizuri ila kwa ulaini sana kwenye barabara iliyonyooka inakupigia kelele, inataka uutikise kidogo ijue upo. Na ndo maana mpwa wangu akafunga chupa, uzito wa chupa unavuta usukani, gari inajua huo ni mkono. Si yeye aliyeanza, huko Marekani kuna waliokuwa wanachomeka chungwa, na mwaka 2018 serikali yao ikaiambia kampuni moja iache kuuza kile kidude cha sumaku cha kudanganya usukani. Sasa fikiria Mhariri, mtu kalipa ushuru, kalipa kodi ya uchakavu, ili apate gari yenye mlinzi, halafu mlinzi mwenyewe anamlewesha kwa maji ya nusu lita.

Watasema mzee huko nje mbona wanaachia. Wanaachia, nimeambiwa, lakini sikiliza wanavyoachia. General Motors walianza 2017, gari inakuachia mikono kwenye barabara kuu ambazo wameshazipima na kuzichora moja moja, na ina kamera ya pili inayokutazama machoni, ukigeuka kutazama nyumba ya jirani inakuita. Uingereza waliruhusu mwaka 2023 gari ya Ford kuachia mikono, kwenye motawei tu, na macho lazima yawe mbele. Honda Japani walitoa gari mwaka 2021 ambayo unaweza hata kuacha kuangalia mbele, lakini kwenye foleni tu, na walitoa 100, za kukodisha. Foleni! Wenzetu wameanzia kwenye foleni sisi tunataka tuanzie mteremko wa Iwambi.

Na hata huko hawajamaliza. Desemba 2023 Tesla waliitisha magari zaidi ya milioni mbili hapo Marekani kwa sababu namna yao ya kuhakikisha dereva yupo macho ilionekana haitoshi. Halafu kuna lile la mwaka 2018 kule Arizona, gari ya majaribio ya Uber, hiyo ilikuwa ya kujiendesha kabisa na si ya kusaidia kama hizi zetu, usiku ikamgonga mama aliyekuwa anavuka anakokota baiskeli. Wachunguzi wakakuta mtambo ulianza kumwona sekunde tano na zaidi kabla, ila ukawa haujui ni kitu gani, mara gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na mtu aliyewekwa ndani kwa ajili ya kushika alikuwa anatazama simu. Mpangaji aliponisomea hilo nikaona wale wanaokokota baiskeli za mkaa usiku pale Igurusi, hawana taa, hawana rifleta, na gunia limekaa kwa kukingama, mtambo wa Marekani ungesema hicho ni kitu gani?

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu, maana hayo mengine mtu anaweza kuyasoma popote.

Hii barabara yetu ina lugha yake. Sijawahi kuiona imeandikwa, tulifundishwa na waliotutangulia tukiwa matandiboi. Matawi ni neno moja tu. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia na hakuna njia ya kuingia kulia, anakwambia usipite, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto anakwambia pita baba, njia nyeupe. Anayekuja mbele akikupigia taa mara mbili kuna trafiki na tochi, akipiga akiwa ametoa mkono dirishani anautikisa chini chini, hiyo ni ajali, au ng'ombe, au ukungu umekaa njiani. Jiwe kubwa katikati ya lami ni kwamba gari iliyoharibika iliwekewa kigingi ikaondoka na kuacha kigingi, hiyo nayo ni lugha, ni lugha ya watu wasio na adabu. Watoto watatu wamesimama upande mmoja na mmoja yupo upande wa pili, usiangalie watatu, angalia yule mmoja, kwa sababu watatu hawamfuati, yeye ndo anawafuata, na atavuka bila kutazama. Mbuzi wa kwanza akivuka wapo wengine nyuma, mbwa akivuka anaweza kurudi.

Kamera haijui neno hata moja hapo. Kamera imesomeshwa mistari na matako ya magari. Tawi kwake ni uchafu wa barabarani, hailijui na hailii. Indiketa ya kushoto ya lori kwake ni taa inayowaka.

Halafu mistari yenyewe ipo wapi? Kutoka Uyole kushuka Tukuyu kuna vipande mstari umefutika mpaka unajiuliza kama uliwahi kuwepo, hapa mjini toka Nsalaga kwenda Ifisi wanapanua njia nne, kwa hiyo leo unapita huku kesho diversheni, mstari wa zamani unakupeleka kwenye shimo la nguzo, wewe unaona koni na kijana mwenye bendera, kamera inaona mstari inaufurahia. Na kuna ile mifereji ambayo malori yameibonyeza kwenye lami, tairi ikiingia humo inatembea kama treni, ukitaka kutoka lazima uukate usukani kwa adabu, haraka sana unarushwa, taratibu sana unarudishwa, sasa wewe unakata kutoka na kamera inakurudisha kwa sababu kwa hesabu zake unaacha njia. Nilikutana nalo hilo nilivyoiendesha siku ile. Basi limejaa upande wetu linapita lori, mi nikasogea kushoto kulipisha kama ninavyofanya siku zote, na usukani ukanivuta kurudi kati. Kidogo tu, kama mtoto anayekushika shati. Lakini kwa sekunde ile sikutaka mtu wa kunishika shati.

Matuta usiseme. Unaiwekea 80, inafuata gari ya mbele vizuri, gari ya mbele ikikata kuingia kijijini yenyewe inaona njia nyeupe inaongeza kurudi 80, na tuta lipo mita hamsini.

Na miteremko. Hapa naongea kama mtu wa semi na naomba vijana wa magari madogo mnisikilize. Ile kruzi ya kufuata gari ya mbele, ukishuka nayo mlima mrefu, inashikilia spidi kwa kushikashika breki. Wewe huhisi kitu, mguu wako umepumzika, kumbe breki zinachemka huko chini. Kitonga, Inyala, Iwambi, hiyo ni milima ya gia, unashuka na gia uliyopandia, hata otomatiki ina gia ndogo, iweke. Vitabu vya hayo magari vyenyewe vinakataza kutumia kruzi kwenye mteremko mkali, ila kitabu ni cha Kijapani na kipo kwenye droo ya dashibodi toka Yokohama hakijawahi kufunguliwa.

Ukungu nao ndo huo, pale Isyonje asubuhi au kwenye misitu ya Sao Hill, kamera inajizima ikisema haioni. Mi hilo silichukii, ina akili kuliko madereva wengi, ingekuwa heri na madereva wa baadhi ya mabasi wangejizima ikifika ukungu.

Sitaki nionekane napinga. Kuna siku pale Kabwe jioni, mimi nimekaa pembeni, mpwa anaendesha na safari hii ameshika, bajaji ikakata mbele yetu toka kushoto kama vile haina sait mira wala mama, na mimi na miaka yangu 22 sikuwa nimeiona, gari ikalia na breki ikashika kabla ya mguu wa kijana haujafika. Tungemgonga. Kulikuwa na mama nyuma ana ndoo ya maharage. Kwa hiyo ninavyosema tandiboi sisemi kwa dharau, tandiboi mzuri ameokoa roho nyingi. Na katika haya mawili, ile breki ya dharura ndo ya kuthaminiwa, ipo inanyamaza siku zote mpaka siku ya shida, ila huu msaada wa usukani ndo unaowalegeza watu.

Lingine ambalo nina hakika halijulikani ni la vioo. Mwezi wa tatu kokoto liliruka kwenye hizi barabara za ujenzi likapasua kioo cha mbele cha hiyo gari. Kikabadilishwa hapa hapa mjini, gereji siitaji, fundi ni mtu mwema na kioo hakivuji hata tone. Kamera akaitoa kwenye kioo cha zamani akaibandika kwenye kipya, akaifuta na kitambaa kile kile cha kufutia kioo, basi, laki kadhaa, ahsante karibu tena. Toka siku hiyo gari ikawa na mambo, inalia kwenye kona wakati hakuna kitu, mara moja imeshika breki kwa kivuli cha daraja, na kwenye mistari inaegemea kulia kulia kama mtu aliyelala ubavu mmoja. Sote tukasema gari ya kompyuta hiyo.

Kumbe kioo kikibadilishwa kamera lazima ipimwe upya. Ikipinda nyuzi kidogo tu pale juu, mbele mita mia inakuwa imekosea kwa kiasi kikubwa, ni kama kulenga kombeo. Wanaweka gari kwenye sakafu iliyo sawa, tairi zina upepo sahihi, wanasimamisha ubao wenye michoro mbele yake kwa umbali uliopimwa, wanaunganisha kompyuta na kuifundisha upya mbele ni wapi. Na yale macho hayaguswi kwa mkono wala hayapulizwi dawa ya vioo. Fundi wetu hakujua, na nani angemwambia? Aliyeuza hakusema, mwenye gari hakusoma.

Na mimi mwenyewe nina kosa. Ile stika ya nenda kwa usalama, kijana aliniachia niibandike siku tukiwa tunaosha gari, nikatafuta mahali pazuri trafiki aione bila kusumbuka, nikaibandika juu katikati. Mbele ya jicho kabisa. Wiki mbili gari ya watu ilikuwa kipofu kwa stika ya usalama.

Sasa naomba nini. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, TAZARA bado ilikuwa inajengwa, inamjua dereva mmoja tu na ni mtu, na mi naona hapo haijazeeka hata kidogo, ukigonga ni wewe, huwezi kumwambia hakimu mheshimiwa ilikuwa ni kamera. Kwa hiyo sidai sheria mpya kubwa. Ninachotaka ni vitu vidogo. Wanaotuuzia hizi gari, wa mtandaoni na wa yadi, wakikukabidhi funguo wakwambie gari hii ina msaada huu, kitufe cha kuuzima ni hiki, na mikono hairuhusiwi kutoka. Dakika kumi hizo, mbona za kukuonyesha redio wanazipata. Shule za udereva zinazofundisha hapa Mbeya na Iringa bado zinafundishia gari za zamani, sawa, lakini mwanafunzi akitoka pale anaenda kuendesha gari ya shemeji yenye kamera, basi afundishwe hata kwa mdomo. Trafiki wakiona chupa imefungwa kwenye usukani waulize. Wanakagua mtungi wa moto na pembetatu, waongeze na hilo, si kwa kutafuta fedha, chupa tu itoke. Na mafundi vioo, kabla hujakata gundi, angalia kama kuna kiboksi, kama kipo mwambie mwenye gari ukweli kwamba nitakubadilishia kioo ila macho sina uwezo wa kuyapima.

Hapo kwenye kupima ndo nilipokwama. Nimezunguka gereji za Soweto, Sae mpaka Mbalizi, nimeuliza kwa simu Makambako na Iringa mjini, kila mmoja ana mashine ya kusoma kompyuta ya injini, mwenye ule ubao wa michoro sijampata, wote wananiambia labda Dar. Labda. Sasa gari yenye kamera iliyopinda niipeleke Dar kwa kupitia Kitonga na Mikumi ili ikanyooshwe? Mpwa wangu kwa sasa anautumia mkono, msaada wa usukani ameuzima kwa kubonyeza kile kitufe muda mrefu mpaka kikalia, breki ya dharura na yenyewe ameizima mpaka ipimwe, na chupa nimemnyang'anya, nawekea mafuta ya taa.

Kama kuna msomaji anayemjua fundi mwenye ubao huo huku kwetu, Mbeya, Njombe, Iringa, hata Songea, aandike humu humu gazetini nitaona, nanunua kila Jumamosi.

Dereva mstaafu,
Uyole, Mbeya